Wimbo wa Herufi Haumfundishi Mtoto Kusoma

Swali ambalo wazazi wa watoto wa chekechea hawachoki kuwauliza walimu wa elimu ya awali ni hili: mtoto wa miaka 4 anapaswa awe anajua herufi ngapi? Huulizwa kwa nia njema, na mara nyingi anayeuliza amekwisha kununua chati ya rangi, ameibandika ukutani sebuleni, na amehakikisha kwamba mwanawe anaweza kuimba kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho mbele ya wageni. Hata hivyo, swali hilo halina jibu lenye manufaa, kwa sababu idadi ya herufi ambazo mtoto anaweza kuzitaja haionyeshi kwamba ameanza kusoma, wala kwamba anakaribia kuanza. Mtoto anayejua herufi 6 na anayeweza kuziunganisha ameanza kusoma. Anayetaja herufi 26 bila kukosea lakini hawezi kuunganisha hata mbili, bado hajaanza. Kinachopaswa kuulizwa ni kama mtoto huyo, akionyeshwa herufi m na herufi a zikiwa zimekaa pamoja, anaweza kutamka ma pasipo kuambiwa na mtu.

Imani inayozaa swali hilo ni kwamba kusoma huanza kwa kuihifadhi alfabeti kwa mpangilio wake, na kwamba mtoto akishaihifadhi, kusoma kutakuja kwenyewe kama meno yanavyoota. Imani hiyo ni potofu, na ubaya wake ni kwamba inawapotezea watoto miezi, wakati mwingine miaka, ambayo wangeitumia kujifunza jambo lenyewe, huku ikiwapa wazazi faraja isiyo na msingi kila wanaposikia wimbo ukiimbwa vizuri. Wimbo wa alfabeti hufundisha kitu kimoja tu, nacho ni mfuatano wa majina. Mfuatano huo una kazi yake, kwa kuwa humsaidia mtu anayejua kusoma kutafuta neno katika kamusi au jina katika orodha ya wanafunzi, lakini hakuna neno hata moja ambalo msomaji hulisoma kwa kuupitia mfuatano huo, na kwa hiyo anayeanza hana cha kuufanyia.

Jaribio la kuthibitisha hili halihitaji mtaalamu. Mtoto aliyeuhifadhi wimbo asimamishwe mbele ya chati, mzazi aweke kidole juu ya herufi k, kisha amuulize ni herufi gani. Watoto wengi walioanzia kwenye wimbo hawaitazami herufi iliyoelekezwa. Huinua macho, huanza kuimba kutoka mwanzo, na hujaribu kukisia ni wapi wimbo utakutana na kidole, na mara nyingi wimbo unakuwa umeshafika l au m kabla hawajaamua. Kipande cha l, m, n, o, p huimbwa kwa kasi kiasi kwamba wengi wao hukisikia kama neno moja, wala hawajui kwamba ndani yake mna vitu vitano. Mtoto wa namna hiyo ameshika maneno ya wimbo, jambo linaloonyesha kwamba kumbukumbu yake ni nzuri, lakini alama iliyo ukutani na sauti iliyo kinywani mwake hazijakutana bado.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale wimbo unapokuwa wa Kiingereza, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mijini Tanzania na Kenya, hata zile ambazo lugha inayozungumzwa kuanzia asubuhi hadi usiku ni Kiswahili. Katika wimbo huo herufi a huitwa “ei”, herufi e huitwa “ii”, na herufi i huitwa “ai”. Irabu, yaani sauti zinazotamkwa bila hewa kuzuiwa kinywani, ni 5 tu katika Kiswahili, na ndizo zinazobeba karibu kila silabi ya lugha hii. Mtoto anayefundishwa majina hayo anakuwa amepewa taarifa za kumpotosha kuhusu irabu 3 kati ya hizo 5. Akikutana na neno baba na kujaribu kutumia alichofundishwa, hutoa “bii-ei-bii-ei”, ambalo si neno la lugha yoyote. Akijitahidi kuunganisha, kiti huwa “kaitai” na meza huwa “mizei”. Katika kuandika mambo hugeuka upande wa pili: anaposikia sauti i katika kiti, mkono wake huandika e, kwa sababu hiyo ndiyo herufi aliyoambiwa kwamba inaitwa “ii”, na matokeo yake ni kete. Mzazi asiyeelewa chanzo humwona mtoto kuwa mzito, ilhali mtoto amefuata kwa uaminifu kabisa kile alichofundishwa.

Majina ya konsonanti, yaani sauti zinazotamkwa kwa kuzuia au kubana hewa, nayo hayasaidii. Jina la g kwa Kiingereza huanza na sauti ya j, hivyo gari husomwa “jari”. Jina la h, yaani “eichi”, halina sauti ya h ndani yake. Jina la w, yaani “dabliyu”, huanza na sauti ya d. Na jina la y, yaani “wai”, huanza na sauti ya w. Chati yenyewe haiendani na lugha ya nyumbani, kwa kuwa ina c inayosimama peke yake, ina q na ina x, ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, huku ikikosa ch, sh, ny na ng', ambazo mtoto atakutana nazo mara tu atakapotaka kusoma chai, shati, nyumba na ng'ombe. Mzazi anayetaka mwanawe asome Kiswahili na akaanza kwa kumfundisha majina ya herufi kwa Kiingereza anaongeza kazi ya kufuta kabla ya kazi ya kufundisha.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya hayo ni kuimba kwa Kiswahili, na hapo hutajwa mfululizo unaojulikana na kila aliyepita shule ya msingi: ba, be, bi, bo, bu. Mfululizo huu ni afadhali kuliko wimbo wa alfabeti, kwa sababu unaheshimu silabi, yaani kipande cha neno kinachotamkwa kwa pigo moja la sauti, na silabi ndiyo ngazi ambayo msomaji wa Kiswahili huipanda kuelekea kwenye neno. Lakini ukiimbwa daima kwa mpangilio uleule, huku fimbo ya mwalimu ikipita ubaoni kutoka kushoto kwenda kulia, nao hugeuka kuwa wimbo. Mtoto aliyeufundishwa hivyo huweza kutamka bo pale tu anapokuwa ametoka kutamka ba, be na bi, na silabi hiyo ikiandikwa peke yake kwenye karatasi hukwama. Kasoro hii hurekebishwa kwa dakika chache: silabi zivurugwe, ziandikwe bo, ba, bu, be, bi, kisha zichanganywe na za herufi nyingine, mo, ba, su, le, ili mtoto asiwe na njia ya kupata jibu isipokuwa kuzitazama herufi zenyewe.

Hoja inayotolewa mara nyingi zaidi kuutetea wimbo ni kwamba vizazi vilivyotangulia viliuimba na bado vikajua kusoma. Hoja hiyo inachanganya kilichotangulia na kilichosababisha. Waliojua kusoma walijua kwa sababu baada ya wimbo mtu fulani, mwalimu au dada mkubwa, aliwaketisha na kuwaonyesha jinsi m na a zinavyotoa ma, na wale ambao hawakumpata mtu huyo waliimba vizuri vilevile na wakafika darasa la tano bila kusoma. Hoja ya pili huegemea tafiti za Kiingereza zilizoonyesha kwamba watoto wanaojua majina ya herufi mapema huwa wasomaji bora baadaye. Uhusiano huo upo kweli, lakini nyumba ambamo mtoto wa miaka 4 anajua herufi nyingi kwa kawaida ni nyumba yenye vitabu, yenye watu wazima wanaosoma, na yenye mtu anayemjibu mtoto anapouliza. Kumfunza wimbo mtoto asiye na hayo hakumpi hayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine, uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto waliosoma kwa lugha zenye tahajia ya wazi, yaani lugha ambazo herufi moja huwakilisha sauti ileile karibu kila mahali, kama vile Kifini, Kigiriki, Kihispania na Kiitalia, walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno mepesi waliyopewa, wakati watoto wa Uskoti waliosoma kwa Kiingereza walisoma asilimia 34. Watafiti walieleza kwamba tofauti hiyo haikutokana na umri wa kuanza shule wala na kiwango cha kuzijua herufi. Watoto wa Uskoti walizijua herufi. Kilichowakwamisha ni kwamba katika Kiingereza kuzijua herufi hakutoshi kutabiri neno litatamkwaje.

Kiswahili kiko upande wa Kifini na Kiitalia, tena kwa uwazi mkubwa. Tahajia yake sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, huandika sauti kama zinavyosikika, na irabu zake 5 hazibadiliki popote zinapokaa. Maana yake kwa mzazi ni kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili ana njia fupi ya kufikia kusoma kuliko mtoto wa London au Chicago, na ni hasara ya kusikitisha kumwondoa kwenye njia hiyo na kumpeleka kwenye ile ndefu kwa dhana kwamba ndiyo ya kisasa. Hata wenye Kiingereza chao wameacha kutegemea majina: jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lililotoa ripoti mwaka 2000, na tathmini ya Jim Rose iliyotolewa Uingereza mwaka 2006, yote mawili yalipendekeza kwamba watoto wafundishwe kwa utaratibu uhusiano wa herufi na sauti.

Kiini cha kusoma, basi, ni mtoto kugundua kwamba neno linaloonekana kuwa kitu kimoja linapotamkwa limeundwa kwa sauti ndogondogo, na kwamba kila sauti ina alama yake. Ugunduzi huo hauji kwa umri. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Ureno kwa watu wazima ambao hawakuwahi kufundishwa kusoma, nao ulionyesha kwamba watu hao, wenye akili timamu na wanaozungumza lugha yao vizuri, walishindwa kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno, kazi ambayo wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliiweza. Kungoja, kwa hiyo, hakumfanyi mtu asikie sauti ndani ya maneno. Kinachomfanya azisikie ni kufundishwa. Mtoto wa Kiswahili huanza na nafuu, kwa kuwa silabi nyingi za lugha yake huishia kwa irabu na ni rahisi kuzipigia makofi: ma-ti-ti, ka-la-mu, sa-la-ma. Ugumu uko pachache, na mzazi aujue mapema. Katika mtoto, mbwa na nchi, m au n ya mwanzo ni silabi kamili isiyo na irabu, lakini katika mbali na ndoto imeungana na herufi inayofuata. Na alama ndogo ya ng' hutenganisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Ugumu mwingine ni urefu, kwa kuwa neno kama wanatupelekea hubeba sentensi nzima na humlazimisha msomaji mchanga kushikilia silabi 7 kichwani kabla ya kupata maana.

Kuhusu maana, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo Philip Gough na William Tunmer waliyaeleza mwaka 1986: kugeuza maandishi kuwa sauti, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likikosekana, kusoma hakupo. Pwani ya Afrika Mashariki jambo hili linafahamika kwa vitendo, maana wako watoto wa chuoni, yaani madrasa, wanaosoma Kurani kwa ufasaha na matamshi sahihi kabla hawajajifunza Kiarabu, nao huhitaji mwalimu wa kuwafasiria ili waifikie maana. Mtoto anayejifunza kusoma katika lugha anayoizungumza nyumbani ameshakuwa na nusu ya pili tangu akiwa na miaka 3. Akitamka ma-ji kutoka kwenye karatasi, maji anayajua tayari. Mtoto huyohuyo akianzishwa kwa lugha asiyoizungumza, hata akifaulu kuyatamka maandishi, sauti anazotoa hazimwambii kitu. Kusoma Kiingereza kunaweza kufuata baadaye, na hufuata kwa wepesi zaidi kwa yule ambaye tayari anajua kwamba herufi ni sauti, wakati ambapo majina ya herufi kwa Kiingereza yanaweza kufundishwa kwa siku chache bila madhara.

Yanayobaki ni ya vitendo, wala si mengi. Kabla ya miaka 5 mtoto asilazimishwe; azungumzishwe, asimuliwe hadithi, ategewe vitendawili, asomewe kitabu huku kidole cha msomaji kikipita chini ya maneno, na achezeshwe michezo ya kutafuta vitu vinavyoanza kwa sauti fulani. Watoto wa Finland huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 7 na hawabaki nyuma. Mafunzo yenyewe yakianza, dakika 10 kila siku zinatosha, na mtoto akichoka yasitishwe. Herufi zifundishwe kwa sauti zake, na ufundishaji uanze na konsonanti zinazoweza kuvutwa, kama mmm, sss, lll na nnn, kwa kuwa sauti inayovutika ni rahisi kuunganishwa na irabu kuliko b au t ambayo hukatika mara moja. Herufi za kwanza ziwe a, i, m, n, l na s, ambazo kwa pamoja hutoa mama, mimi, sisi, nani, lala, lima, asali, salama, simama na inama, na hata sentensi kamili: Mimi ni Amina. Sina asali. Simama, mama. Baada ya hapo zifuate u, e, o, k, t na b, kisha zilizobaki, kisha ch, sh, ny, mb, nd, ng na ng', na mwisho kabisa th, dh, gh na kh.

Vifaa havihitaji fedha: vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito, au vipande vya boksi, vinatosha kuunda na kuvunja maneno sakafuni. Mtoto aandike kile anachosoma siku hiyohiyo, kwa kuwa mkono humlazimu kuzipanga sauti kwa mpangilio. Akigeuza b kuwa d asikaripiwe, maana kugeuza herufi ni jambo la kawaida hadi karibu na miaka 7. Katika nyumba ambamo l na r hutamkwa kwa sauti moja, makosa ya kuandika kula na kura yarekebishwe neno kwa neno pasipo kumcheka. Kila juma mtoto apewe maneno yasiyo na maana, kama vile lusi, mako na tebi, kwa kuwa neno asilowahi kulisikia haliwezi kusomwa kwa kukariri. Na kitabu chenye picha kikisomwa kwa ufasaha mno, picha ifunikwe na mtoto aanzie sentensi ya katikati. Hadithi fupi za bure za Kiswahili zinapatikana mtandaoni kwa African Storybook, na katuni ya Akili and Me inayotengenezwa Dar es Salaam inafaa kama nyongeza, ingawa katuni haimsikilizi mtoto wala haimrekebishi anapokosea, na kwa hiyo haiwezi kushika nafasi ya mtu aliyeketi kando yake.

Mtoto wa miaka 7 ambaye amefundishwa kwa utaratibu huu kwa miezi kadhaa na bado hawezi kuunganisha sauti mbili hapaswi kuchapwa wala kuitwa mvivu. Apelekwe kupimwa masikio kwanza, kwa sababu usaha wa mara kwa mara sikioni hupunguza usikivu na mara nyingi haugunduliwi, kisha macho, na baada ya hapo mwalimu wa elimu maalumu aombwe kumtazama. Kwa watoto wengine wote, wengi mno kuliko hao, kinachohitajika ni mtu mzima mmoja anayejua kusoma, dakika 10 zisizokatizwa na simu, na uamuzi wa kuacha kuhesabu herufi na kuanza kuziunganisha.